Brashi za kunyolea za mbao: vanishi inafanya ukungu mweupe na kubanduka, naombeni ushauri

Mkereza Kimya
Wakuu, habari za muda huu. Nakereza mipini ya brashi za kunyolea kwa mkono, na vanishi inaninyima usingizi. Mpini ukitoka kwangu unang'aa, ukiushika unateleza safi. Ukitumika kidogo tu, pale juu karibu na manyoya panafanya weupe, kisha vanishi inainuka na kubanduka vipande vipande. Nimebadilisha msasa, nimebadilisha kitambaa cha kupakia, hola. Nitajieni vanishi moja isiyoogopa maji nirudie kupaka, maana kuna mzigo unasubiri. Matusi hapana.

Babu Randa
Mbao gani na vanishi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Kipara Ngoto
Fuga ndevu mkuu. Hutahitaji brashi wala vanishi.

Mkereza Kimya
Mbao ngumu nyeusi. Vanishi ni poliuretani ya mafuta, nimepaka mikono mitatu.

Babu Randa
"Mbao ngumu nyeusi" ina jina lake. Mpingo?

Mkereza Kimya
Ndiyo mkuu. Na mpingo ni mbao bora, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa mbao.

Babu Randa
Ndipo penyewe hapo. Mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia wana mafuta na kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta isikauke sawasawa. Juu utaona imekauka, chini bado inanata. Futa mpini kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kisha paka hapo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Halafu niambie, tundu la manyoya kwa ndani umelipaka nini?

Dada Msasa
Mimi yalinikuta na vanishi ya shelaki. Inang'aa hiyo, we acha! Mteja akanyoa, akajipaka losheni yenye spiriti, akaushika mpini na mikono yake mibichi. Alama za vidole zikabaki pale pale, maana spiriti ndiyo inayoyeyusha shelaki. Haraka zenu vijana, mnauza kitu hamjakitumia wenyewe.

Mkereza Kimya
Dada, shelaki sijatumia. Tundu sijapaka kitu, manyoya yanagandishwa humo humo kwa gundi. Nani atapaona?

Klarineti
Maji yatapaona. Klarineti, zile ala za muziki za kupuliza, nazo ni za mpingo, na hupasuka kwa sababu ndani hupata joto na unyevu wa pumzi wakati nje bado pakavu na baridi. Brashi yako kila ikitumika maji yanashuka kwenye manyoya na kukaa ukingoni mwa tundu. Mbao ikinywa maji hainenepi kwa urefu, inanenepa kwa upana, kwa hiyo vanishi ambayo haikushika vizuri inasukumwa kutoka chini. Hata upake ya kupakia meli. Ziba tundu zima pamoja na ukingo kwa gundi ya epoksi nyepesi, ikauke, ndiyo ugandishe manyoya. Klarineti yangu ilipasuka katikati ya tamasha, nikaendelea kupuliza hivyo hivyo, watu wakadhani ndiyo staili.

Babu Randa
Na mbao yenyewe ilikuwa imekauka? Kama huna kipimo cha unyevu, weka vipande kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ndiyo ukereze.

Wifi wa Kamati
Swali dogo tu. Huo mzigo unaosubiri, uko kwako wote?

Mkereza Kimya
Nusu umeshaondoka. Mteja alikuwa ananisukuma, na nilizotuma hazikuwa na dalili yoyote. Nilizikagua moja moja chini ya taa. Zilizobaki nimeshaanza kuzipiga mkono wa nne.

Babu Randa
Mkono wa nne juu ya vanishi ambayo haijakauka! Halafu taa inakuonyesha mng'ao tu, haikuonyeshi kama vanishi imeshika. Kila kundi toa moja, itumie kama mnyoaji: maji ya moto, sabuni, ilale imesimama, kesho tena, wiki mbili hivi. Kisha bonyeza ukucha ukingoni. Ikifeli hiyo moja, kundi zima lisitoke.

Wifi wa Kamati
Mpigie mteja leo.

Mkereza Kimya
Nikimwambia atarudisha zote. Huenda zikastahimili.

Jicho la Tatu
Wakuu tunachezewa. Posti ya kwanza brashi ikitumika kidogo inafanya weupe. Sasa tunaambiwa zilizotumwa hazina dalili na zilizobaki ziko kwake. Huo weupe kauona nani? Picha hakuna hata moja. Kesho utasikia anauza epoksi.

Kipara Ngoto
Mimi nilishahisi. Anayenyoa kwa brashi ya mpingo nimemwona kwenye filamu tu.

Dada Msasa
Hata kama katunga, somo la asetoni nimeshaliandika kwenye daftari.

Mkereza Kimya
Weupe kauona shemeji yangu, nilimpa brashi ya kujaribia. Picha siweki kwa sababu nembo yangu imechongwa kwenye kitako na mteja anaijua. Ninayo moja mkononi sasa hivi. Nikibonyeza ukucha hapa chini ya manyoya, vanishi inabonyea na kubaki na alama ya nusu duara. Nikishuka kwenye kiuno cha mpini, ukucha unateleza.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo shemeji alikuonyesha kabla hujatuma?

Mkereza Kimya
Nilijua ni uzembe wake. Yeye huiacha imesimama ndani ya kikombe cha maji.

Wifi wa Kamati
Na wateja wako wataiacha wapi?

Babu Randa
Tumuache kwanza shemeji wa watu. Zilizobaki usiongeze kitu. Kwangua vanishi yote. Mpingo ukiupiga msasa hatua kwa hatua, kutoka mkali hadi laini kabisa, unang'aa wenyewe, na nta kidogo inatosha. Manyoya yang'oe, uzibe tundu, ugandishe upya.

Mkereza Kimya
Kung'oa manyoya tena mkuu? Epoksi haiwezi kumiminwa kwa juu, ikashuka yenyewe?