Morrowind hadi Skyrim: kila toleo wanang'oa kitu, na sisi tunapiga makofi

Wakuu, nina hasira na Bethesda, watengenezaji wa mfululizo wa gemu za The Elder Scrolls (humo ndimo walimo Morrowind, Oblivion na Skyrim), naomba niandike hivyo hivyo. Wale wa "gemu limeuza mamilioni, unalalamika nini" piteni tu, uzi huu hauna kiingilio.

Wiki iliyopita nimerudi Morrowind, lile la 2002, kwa sababu laptopu yangu ni kuukuu na hilo ndilo inaloliweza bila kupumua kama imepanda mlima. Nilikuwa nimetoka kumaliza Skyrim kwa mara ya nne. Nimecheza siku tatu, na kila nikifungua kitu najiuliza: hiki kilienda wapi?

Wasiolijua niwape picha. Ukitoka tu kijiji cha Seyda Neen, hatua chache njiani, unasikia ukelele juu. Mchawi anadondoka kutoka angani, puu, amekufa mbele yako. Ukimpekua unamkuta na hati tatu za uchawi. Unasoma moja, unaruka, nchi nzima inapita chini ya miguu yako, unajiona malaika. Kumbe uchawi wenyewe ni wa sekunde saba. Unashuka ukiwa binadamu wa kawaida na unamfuata marehemu. Hakuna aliyekukataza, hakuna maandishi yaliyokuja kukuonya. Siku ya pili ndiyo unajiongeza: kabla hujatua, unasoma hati ya pili hukohuko angani. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Na huo ni mzaha tu wa njiani. Kupaa kulikuwa sehemu ya maisha mle. Mabwana wa ukoo wa Telvanni wanakaa kwenye minara ya uyoga mkubwa, na ndani hakuna ngazi. Hujui kupaa? Basi huna shida na bwana mkubwa, rudi ulikotoka ukajifunze au ununue dawa.

Likaja Oblivion 2006, kupaa hakuna. Kwenye hadithi wakatuwekea sheria ya dola iliyopiga marufuku. Sababu ya kweli kila anayecheza anaijua: miji waliifungia kila mmoja kwenye dunia yake, unapita getini unasubiri ipakie. Ukipaa juu ya ukuta utakuta mji wa uongo. Walikuwa na tatizo la ukuta, wakakata mabawa. Skyrim likaja 2011, kuta za miji mikubwa zipo vilevile, mabawa hakuna vilevile.

Huu ndio mtindo wao, na ndio unaonikera. Kitu kikiwasumbua hawakitibu, wanang'oa. Kama yule fundi wa meno wa mtaani, ukija na jino linalouma kidogo anauliza tu, "Hili?"

Chukua kutunga uchawi. Morrowind unamlipa mtaalamu, unachanganya unachotaka, unachagua nguvu, muda na eneo, halafu unaupa jina. Mimi nilikuwa na wangu wa kumgandisha adui sekunde tano huku anaungua, nikauita Kojoa Ukalale. Oblivion wakaubakiza, ingawa ilibidi kwanza ukubaliwe kwenye chuo cha wachawi cha mji mkuu, na hilo sina neno nalo, elimu ina gharama. Skyrim wakaufuta kabisa. Sasa unanunua kitabu, unakisoma, kinapotea, umepata uchawi uleule alioupata kila mtu. Ni vocha hiyo. Umekwangua, basi. Ndiyo, najua ile ya kutunga watu waliitumia vibaya hadi wanaua kila kitu kwa pigo moja. Si ungepunguza makali? Mbona umefunga jiko zima kwa sababu chumvi ilizidi?

Hesabu za haraka kwa wanaobisha: stadi 27 Morrowind, 21 Oblivion, 18 Skyrim. Zile sifa nane za mwili na akili, kuanzia nguvu hadi bahati, Skyrim hakuna hata moja, umebakiziwa uhai, nguvu ya uchawi na pumzi. Mikuki waliitoa Oblivion haijarudi. Gemu la mapanga na ngao halina mkuki! Na hapohapo Oblivion shoka wakaliweka kundi la silaha butu pamoja na rungu. Shoka, wakuu. Muulizeni mpasua kuni yeyote.

Kuna wanaosema ule mshale wa kwenye dira, unaokuonyesha pa kwenda, unaweza kuuzima, kwa hiyo nisilalamike. Uzime basi tuone. Morrowind mtu alikuelekeza kama tunavyoelekezana sisi: fuata mto, vuka daraja, ukiona jiwe kubwa kata kushoto. Mara nyingine alikudanganya, nimewahi kuzunguka gofu moja siku mbili natafuta kijisanduku ambacho kilikuwa karibu na mlango. Lakini nilizijua zile njia. Skyrim ukizima mshale umebaki na jina la pango na ramani, kwa sababu wengi wa wanaokutuma hawakuelekezi kitu. Maelekezo hayakuandikwa, yote yaliachiwa mshale.

Na vyeo? Morrowind chama hakikupandishi kama ustadi wako haujafika kiwango. Skyrim unaonyesha uchawi mmoja mlangoni pa chuo cha Winterhold, tena kama huujui unauziwa hapohapo, na baada ya misheni kadhaa wewe ndiye mkuu wa chuo. Mimi nilipewa ukuu nikiwa na deraya ya chuma na nyundo mkononi. Wanafunzi wangu wananisalimia kwa heshima, moyoni najua sijui kitu.

Nisiwe mnafiki: mapigano ya Morrowind ni mabovu. Unampiga panya upanga umeuona kabisa umempita tumboni, gemu linasema umekosa. Hilo walirekebisha na walifanya vizuri, Skyrim kurusha mshale ni raha tupu. Kwa hiyo kurekebisha wanajua! Hilo ndilo linaniuma. Skyrim limetolewa upya 2016, likatolewa upya 2021, na kutunga uchawi hakukurudi mara zote mbili.

Gemu la sita la mfululizo huu walilitangaza 2018 kwa kionjo kifupi cha milima na jina tu. Nyie mnadhani safari hii wanang'oa nini? Mimi naweka dau kwenye kuchagua kabila la mhusika wako.

NB: Cliff Racer, wale viumbe warukao wa Morrowind wanaokufuata wilaya nzima wakipiga kelele, kuondolewa kwao nimekubali. Hao hata wakirudi mimi nahama.