Tupeane uzoefu: umewahi kuingia msitu wa Arabuko Sokoke kwa miguu?

Bint Shela, Malindi

Salaam wenzangu. Nimezaliwa Malindi na safari zangu za Mombasa sina hesabu nazo. Matatu ikishapita Gede, msitu unaanza upande wa kulia, na mimi kila siku nilikuwa nalala au nachezea simu. Mwaka huu mwezi wa Agosti ndipo nilipoingia kwa mara ya kwanza, nina miaka 36. Nimeumia moyoni kwa miaka yote ile niliyoupita.

Tulikuwa mimi, wifi yangu na kiongozi mmoja kijana wa vijiji vya hapo hapo. Tuliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Nilidhani tutakwenda mbio tumalize njia, kumbe kiongozi anakwenda hatua kumi, anasimama, anasikiliza. Baada ya kama nusu saa akanyanyua mkono. Mbele yetu kuna mnyama ukubwa wa paka mchanga, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, anafukuafukua majani makavu. Nyuma, juu ya mkia, manjano inawaka kama mtu amempaka rangi. Ni sange. Wifi yangu akakanyaga kijiti. Yule sange akapiga mkia chini, pa-pa-pa, akatoka mbio, ile manjano ikapotea vichakani. Kiongozi akatuambia wa aina hii walio hai duniani, sehemu kubwa wako humu humu.

Walioingia tuelezeni: mlipita wapi, mliona nini, mlikosea wapi? Disemba nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka saba na kumi na moja, na sitaki kubahatisha.

Fundi wa Milango

Dada, mimi ni mtu wa Lamu, kazi yangu ni seremala. Mbambakofi nimeushika tangu nikiwa mtoto dukani kwa babu: mbao nyekundu, nzito, mchwa hauuwezi. Milango mingi ya zamani kwetu ni mbambakofi, na vyombo vya baharini pia. Lakini mti wenyewe ukiwa umesimama sikuwahi kuuona. Nilikuja Malindi kwa harusi ya mpwa wangu, siku ya tatu nikaomba nipelekwe msituni.

Kiongozi alinisimamisha chini ya mmoja akasema, "Huu hapa, mzee." Niliweka kiganja kwenye gome nikanyamaza. Chini kulikuwa na ganda gumu la mbegu, limepasuka. Ndani zimepangwa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu kichwani. Nimefanya kazi ya mbao hizi miaka arobaini, sikujua mbegu yake ni nzuri hivyo.

Mbele kidogo tukapita visiki. Vingine ni vya muhuhu, uliokatwa sana kwa ajili ya vinyago. Niliona pia msandarusi unatoa utomvu wake, tone limeganda kwenye shina, la manjano, ukiliweka kwenye mwanga linapitisha. Wazee wetu waliuza sandarusi ng'ambo ikapikwa vanishi. Nawaambia mafundi wenzangu, tuliokula kupitia miti hii: nendeni mkaione ikiwa hai. Mimi tangu siku ile mteja akitaka mbao mpya ya mbambakofi, namuuliza kwanza kama nimtafutie mlango wa zamani tuurekebishe.

Msafiri wa Watamu

Langu ni la kosa. Niliingia peke yangu mwaka juzi, saa tano mchana, na chupa moja ya maji ya nusu lita. Niliona barabara ya mchanga imenyooka nikasema kuna shida gani. Katikati ya msitu ule, kwenye miti ya mrihi, mchanga ni mweupe na njia zote zinafanana. Nilipogeuka kurudi nikakuta njia panda nisiyoikumbuka. Maji yakaisha. Halafu nikaona kinyesi cha ndovu, kibichi kabisa, nzi wanakizunguka, na mti wa pembeni umevunjwa tawi, jeraha bado linatoa maji.

Nilisimama hapo, magoti hayana nguvu. Kilichoniokoa ni sauti ya lori kwenye barabara kuu, nikaifuata sauti mpaka nikatokea lami. Msitu ni karibu kilomita za mraba 420, ndovu wamo na ua wa umeme umewazungushia humo humo. Dada, usiingie ndani bila kiongozi. Ukitaka kufika mbali, omba na askari wa msitu awafuate.

Mwalimu wa Ganda

Mimi nimekwenda mara nne, na kila nikienda nabadilisha upande, kwa sababu ule si msitu mmoja. Mashariki, karibu na barabara, miti imechanganyika na ni minene. Ukienda magharibi unaingia kwenye mrihi na mchanga mweupe, kuna nafasi, jua linashuka mpaka chini. Ukizidi kwenda, udongo unageuka mwekundu na vichaka vinabana, mpaka unapita umejikunja. Mguu wenyewe unakwambia umefika msitu mwingine.

Kwenye huo udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke. Wataalamu walimtambua miaka ya 1960, na ukiacha hapa anapatikana milima ya Usambara, Tanzania. Tulikwenda kumtafuta jioni. Kiongozi akatuacha njiani, akajipenyeza vichakani peke yake, tukabaki tunasikia majani tu. Robo saa ikapita. Akarudi akatuita kwa kidole.

Niliangalia pale anaponyooshea nisione kitu. Nikaangalia tena. Walikuwa wawili, juu kidogo tu ya kichwa changu, wamebanana bega kwa bega kwenye tawi, kila mmoja hazidi shibiri moja. Mmoja wa kijivu, mwenzake mwekundu kama ule udongo. Yule mwekundu alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Hatukuzidi dakika mbili, kiongozi akatutoa ili wasisumbuke. Huko nyumbani nilikulia kwenye maneno kwamba bundi ni uchuro, akilia juu ya paa watu wanamfukuza kwa mawe. Sasa darasani kwangu nafundisha kwa picha ya wale wawili, na wanafunzi wanagombania kuishika.

Kwa wenye nguvu za miguu, pandeni kilima cha Nyari upande wa magharibi. Ukisimama pale msitu wote uko chini yako, kijani mpaka hori la Mida, halafu bahari. Lakini kwa mtoto wa miaka saba ni mbali, labda mfike kwa gari.

Mama Vipepeo, Mijomboni

Mwanangu Bint Shela, nimekusoma nikafurahi. Nami niseme, maana hapa wote mnazungumza kama wageni na mimi nimezaliwa ukingoni mwa huo msitu.

Kwetu msitu ulikuwa ni kuni, dawa na njaa. Njaa kwa sababu ndovu walikuwa wanatoka usiku, na shamba la mahindi la msimu mzima linakwisha kabla ya alfajiri. Nyani nao mchana. Nakumbuka baba amekaa juu ya mawe na debe la kupiga, mvua inanyesha, na sisi tumejifungia ndani. Wakati huo ungetuuliza kama msitu ukatwe watu wapewe mashamba, wengi tungesema ukatwe. Sisemi kwa fahari, nasema ilivyokuwa.

Mradi wa Kipepeo ulipoanza pale Gede mwaka 1993, watu walicheka. Kufuga wadudu! Dada yangu mkubwa akaanza, mimi nikamfuata. Unamnasa kipepeo jike msituni, unamweka kwenye kizimba cha wavu, anataga kwenye majani. Viwavi wakitoka unawalisha majani ya mti wao. Kila aina ina mti wake, ukimpa mwingine atakufa njaa na chakula kiko mbele yake. Wakishageuka pupa, yaani wamejifunga kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, unawapeleka Gede, wanapimwa, wanasafirishwa Ulaya haraka kabla vipepeo hawajatoka. Karo ya wanangu wawili wa sekondari imetoka kwenye viwavi. Na ile miti ya chakula chao iko wapi? Msituni. Mtu akija na panga sasa, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza anakwenda kukata nini.

Mkija kutembea, hao viongozi mnaowasifu ni watoto wetu. Walipeni vizuri, msiwapunguzie bei kama mnanunua nyanya.

Kaka wa Kakuyuni

La haraka: suruali ndefu, mdomo wa suruali ndani ya soksi. Baada ya mvua kuna kupe wadogo kama vumbi, utajikuna wiki nzima. Na ukiona mstari mweusi unavuka njia usisimame kupiga picha, ni siafu.

Bint Shela, Malindi

Ahsanteni sana. Nimeamua: asubuhi na mapema, upande wa Gede, kiongozi mmoja, maji lita mbili kila mtu, na Nyari nitaiacha mpaka wakue. Fundi, ile mbegu ya kofia nyekundu nitawaonyesha hapo hapo chini ya mti na tutaiacha. Mama, shikamoo. Naweza kuwaleta wanangu kwako waone vizimba?

Mama Vipepeo, Mijomboni

Marahaba mwanangu. Walete. Nitabakiza pupa wachache wasiende Gede, siku ile wawe karibu kutoka. Ila muanzie kwangu, mje kabla ya saa mbili, maana hutoka asubuhi, na mabawa yakishakauka wanaruka. Nitawapikia uji.