Wali unaungua duara katikati kwenye sufuria mpya ya stenlesi, naombeni ushauri

Mpishi_Buguruni:
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliacha mkaa nikahamia gesi, nikanunua na sufuria ya stenlesi, zile nyepesi zinazong'aa. Tangu hapo wali hauivi sawasawa. Katikati unashika ukoko mweusi wa duara, pembeni bado una kiini. Moto nimepunguza, maji nimeongeza, wapi! Sufuria yangu ya zamani ya alumini haikuwa hivi. Tatizo ni gesi, sufuria au mkono wangu? Ijumaa nina wageni.

Mwalimu_Fizikia:
Mkono wako hauna kosa, ndugu. Stenlesi ni nzito sana kupitisha joto. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi, alumini safi ni kama 237, chuma safi kama 80, stenlesi kama 15 tu. Kwenye alumini, joto likigusa kitako linakimbilia pembeni. Kwenye stenlesi nyembamba linapanda palepale lilipogusa, na mchele wa hapo ndio unaoungua. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, mara nyingi na nikeli pia, na mchanganyiko huo huzikwaza elektroni zinazobeba joto.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Mwalimu, na chungu je? Udongo haupitishi joto upesi, lakini nimepikia chungu miaka 30 na wali hauungui.

Mwalimu_Fizikia:
Shikamoo Bi Mkubwa. Ni kweli, udongo uliochomwa uko karibu na 1. Ila chungu ni kinene, joto linapenya polepole na kutawanyika kabla halijafika ndani. Tena mkaa wako umetanda chini ya kitako chote, halafu unapalia juu ya mfuniko. Gesi inachoma duara moja.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Marahaba mwanangu. Basi maji yakikaribia kukauka, aweke kikaango kinene cha alumini juu ya gesi, sufuria aiketishe humo, moto mdogo kabisa. Kwangu ndivyo nifanyavyo.

Fundi_Vyombo:
Siku ukinunua nyingine, igeuze utazame kitako. Stenlesi nzuri ina bamba la alumini lililofunikwa ndani ya kitako, utalijua kwa uzito. Kwa sasa jaribu hivi: nyunyiza unga wa ngano ufunike kitako kikavu, washa moto mdogo, usiondoke. Unga utakuonyesha joto lilipo.

Mpishi_Buguruni:
Nimerudi. Kwenye stenlesi unga umepiga duara la kahawia, saizi ileile ya moto wa jiko, pembeni mweupe pee. Kwenye alumini umegeuka rangi karibu kote. Usiku nimepika nusu kilo kwa kikaango cha Bi Mkubwa. Ukoko upo, ila wa rangi ya dhahabu, na watoto wameugombania. Ijumaa napika hivyohivyo. Asanteni sana.