MREJESHO: "Ningekuwa" na "laiti" kwa Kiestonia

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kusema "ningekuja" na "laiti" kwa Kiestonia, maana hapa Tartu, Estonia, kila nikijaribu naeleweka vibaya. Asanteni sana.

Ushauri wenu wa kutia -ks-, ambayo ndiyo -nge- yao, pande zote mbili za sentensi umenikaa, maana hata sisi -nge- inarudi mara mbili: "Kui mul oleks aega, tuleksin", ningekuwa na muda ningekuja. Kwa lililokwisha kupita natumia "oleksin tulnud", ningalikuja. Kuna aliyenipa "tulnuksin", maana ileile kwa neno moja. Ni sahihi, ila mwalimu kacheka, kasema naongea kama kitabu. Nimeiacha.

Nilipokwama ni shina la kitenzi. Niliandika "õppiksin" kwa kufuata "õppima" (kujifunza), nikakatwa. Inafuata "õpin" (najifunza), kwa hiyo ni "õpiksin", p moja. Hapo bado nachemka.

"Laiti" haina neno lake moja, nasema "Kui ta ometi tuleks!", laiti angekuja, na wananielewa. Na mkahawani "ma tahaks kohvi", ningependa kahawa, bila -n ya mwisho ("tahaksin"), ndivyo wenyewe wanavyosema. Kahawa inakuja.