Naomba ushauri: tunachangishwa kwa ajili ya "nyumba za serikali" hapa Lubumbashi. Je, fedha za serikali zipo kweli?

Mwalimu_Katuba aliandika:

Wakubwa na wadogo wa hapa, ninawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga vyumba viwili Katuba pamoja na mke wangu na watoto, na sasa tunatakiwa kuhama, huku kila mwenye nyumba tunayemwendea akidai garanti (amana ya kodi) ya miezi sita. Katika hali hiyo kikundi cha watu kilifika shuleni kwetu kikieleza kwamba kinaandikisha walimu na wauguzi katika mradi wa nyumba za watu wa kipato kidogo, ambao nusu ya gharama italipwa na serikali na nusu tutailipa sisi. Anayejiunga hutoa dola 150 za kufungua faili, kisha dola 40 kila mwezi, na baada ya miaka miwili atakabidhiwa funguo za nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kisanga.

Fomu niliyopewa ina bendera ya taifa kwenye pembe ya juu, picha ya nyumba za mabati mekundu zilizopangwa mstari mmoja, na chini yake muhuri wa chama chenyewe, si wa ofisi yoyote ya serikali. Risiti ya mwenzangu aliyekwisha kulipa imeandikwa kwa bic kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mraba, haina namba wala jina la benki. Nilipouliza kiwanja ni cha nani, nilijibiwa kwamba mambo ya kadasta (ofisi ya upimaji wa viwanja) yako njiani.

Sitaki kumhukumu mtu kabla ya kujua. Ninachoomba ni kuelezwa na wanaofahamu: serikali yetu ina fedha za kujengea watu kama sisi? Kama zipo, hupitia wapi, na mtu wa kawaida anaweza kuzithibitishaje? Na wewe ungekuwa na akiba yangu ndogo, ungeiweka hapo au ungetafuta parseli, yaani kiwanja, yako mwenyewe?

Karani_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, umeuliza vizuri kwa sababu umeanza na fedha, ilhali watu wengi huanza na picha ya nyumba.

Haki ya makazi bora imo katika Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, pamoja na haki ya maji safi na umeme, lakini kifungu hicho hicho kinaacha sheria ieleze namna ya kuitekeleza, na hapo ndipo ahadi inapobaki ahadi. Kifungu cha 204 kinaweka makazi ya mjini na ya vijijini mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo mradi wa nyumba za Lubumbashi unapaswa kuacha alama hapa hapa Haut-Katanga, hata kama fedha zake zinatoka Kinshasa.

Alama hizo ni zipi? Kama ni fedha za jimbo, kuna mstari katika edikti (sheria ya jimbo) ya bajeti inayopigiwa kura na Bunge la Jimbo. Kama ni fedha za taifa, mstari huo uko katika sheria ya bajeti ya mwaka. Kama serikali inashirikiana na kampuni binafsi, kuna mkataba uliofanywa chini ya sheria ya ubia ya tarehe 9 Julai 2018. Na kama serikali inamlipa mjenzi, kwa kawaida lazima kuwe na zabuni iliyotangazwa, kwa kuwa ndivyo inavyotaka sheria ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010. Mtu anayekuambia kwamba serikali inalipa nusu anapaswa kuwa na moja ya karatasi hizo kwenye mkoba wake. Mwombe nakala, na utazame namba na tarehe, maana muhuri unachongwa hata sokoni.

Nikuonye pia juu ya jambo ambalo niliishi nalo ofisini miaka mingi: fedha kupigiwa kura si fedha kutoka. Baada ya kura kuna kuahidi matumizi, kuhakiki deni, kutoa amri ya kulipa, na hatimaye kulipa, na faili linaweza kulala katika hatua yoyote kati ya hizo mpaka mwaka wa bajeti ufungwe. Majimbo yenyewe yana njaa. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na yakatwe kwenye chanzo, lakini tangu mwanzo majimbo yamekuwa yakisubiri kutumiwa kutoka Kinshasa, na yanapata pungufu. Makazi yalikuwa moja ya zile Kazi Tano (Cinq Chantiers), ahadi za maendeleo za Rais Joseph Kabila. Wewe mwenyewe uko Katuba, unaweza kuhesabu nyumba ulizoziona. Mpango wa sasa wa serikali wa maeneo 145 (territoires) nao unajenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika maeneo ya vijijini, kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba nyumba za Kisanga zinatoka humo.

La mwisho: fedha zinazodaiwa na serikali hulipwa kwa hati ya malipo iliyotolewa na idara ya mapato, DGRAD kwa upande wa taifa au DRHKAT kwa upande wa jimbo, na huingia benki kwenye akaunti ya umma. Hazipokelewi chini ya mwembe wa shule.

Bibi_wa_Ruashi alijibu:

Mwanangu Mwalimu, Karani amesema kweli, ila nisingependa vijana waamini kwamba serikali kumjengea maskini ni hadithi ya kutungwa. Nyumba ninayokaa mimi ni ya namna hiyo. Ruashi ilijengwa na Office des Cités Africaines, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1952 wakati wa mpango wa miaka kumi wa wakoloni, na ndilo lililojenga pia Bagira kule Bukavu. Marehemu baba yangu aliingia kama mpangaji mnunuzi: kila mwezi alilipa kiasi, na kiasi hicho kilihesabiwa kwenye bei ya nyumba. Kwenu Katuba kulikuwa na mkopo wa fonds d'avance, ambapo mtu alipewa vifaa au fedha, akajenga mwenyewe, kisha akarudisha kidogo kidogo.

Sisemi kwamba Mbelgiji alitupenda. Alitaka wafanyakazi waliotulia, na alitaka kila mtu akae mahali alipopangiwa. Lakini tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika: kwanza ardhi ilipimwa, barabara zikachorwa, mabomba ya maji yakawekwa, ndipo mtu akaitwa kulipa. Hawa wa Mwalimu wanaanza na kulipa.

Na msichanganye na nyumba za kambi za Gécamines, kampuni ya madini, au za reli. Zile zilikuwa nyumba za mwajiri. Kazi ikiisha, na nyumba inaingia mashakani, kama wengi walivyokuja kuona.

Fundi_Kisanga alijibu:

Mwalimu, mimi ninajenga huku unakotajiwa. Kwa dola 40 za watu mia moja kwa miaka miwili, bila mchango wa serikali kuonekana, hupati nyumba za vyumba vitatu. Unapata misingi, na saruji ikipanda bei hupati hata hiyo. Ushauri wangu ni parseli, hata ndogo, halafu uchome matofali yako wakati wa kiangazi. Ila kabla ya kutoa hata senti, nenda uwanjani na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) pamoja na majirani wa pande zote nne, uwaulize mmoja mmoja kiwanja ni cha nani. Huku kuna viwanja vilivyouzwa kwa watu watatu, na kila mmoja ana karatasi.

Wakili_Kampemba alijibu:

Nitaongeza upande wa sheria, kwa kuwa hapo ndipo hatari kubwa ilipo, hata kama viongozi wa chama hicho ni waaminifu kabisa.

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, ardhi yote ni mali ya Dola. Raia hupewa haki ya kuitumia. Haki iliyo imara zaidi ni ile ya kudumu, nayo hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo peke yake. Chama, kampuni au kanisa haviwezi kuipata. Hupata haki ya kawaida, ambayo haizidi miaka 25 na huombwa tena. Sasa fikiria: ikiwa kiwanja kitaandikwa kwa jina la chama, nyinyi mtakuwa mmelipa miaka miwili bila kuwa na haki yoyote juu ya udongo, mkibaki wadai wa chama tu. Kikivunjika au kikikopa na kushindwa kulipa, kinachokwenda ni kiwanja. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: sertifika ya usajili wa kiwanja itatoka kwa jina la nani, na lini? Kifungu cha 219 hakina utata kwamba haki ya kutumia kiwanja huthibitishwa na sertifika ya usajili tu. Karatasi ya shefu wa kartie au ya burugumesta (mkuu wa komuni) inasaidia kuonyesha historia, haifiki hapo.

Ikiwa walimu mnataka kweli kujenga kwa pamoja, jambo ambalo si baya, fungueni ushirika kwa sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo nchi yetu iko ndani yake tangu mwaka 2012. Ushirika mdogo unahitaji wanachama watano tu, una daftari la hisa, mkutano mkuu na hesabu ambazo mwanachama ana haki ya kuzisoma. Andikeni katika kanuni zenu kwamba kila parseli itahamishiwa jina la mwanachama inapopatikana.

Kuhusu garanti, sheria ya kupanga nyumba za kukaa ya tarehe 31 Desemba 2015 haimruhusu mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi mitatu. Najua mitaani wanadai sita. Mwonyeshe sheria kwa upole, dai mkataba wa maandishi, na tofauti ya hiyo miezi mitatu ndiyo iwe mwanzo wa akiba ya parseli yako.

Mwalimu_Katuba aliandika:

Ninawashukuru sana, hasa Bibi kwa historia ambayo sikuijua ingawa ninalala ndani yake. Nimekwisha kuwaandikia wale watu barua nikiomba nakala ya mkataba wao na serikali pamoja na jina litakaloandikwa kwenye sertifika, na sitalipa kabla ya jibu. Limebaki jambo la wenzangu waliokwisha kutoa dola 150. Jana wameambiwa kwamba anayetaka kurudishiwa asaini kwanza karatasi ya kujitoa, isemayo kwamba hana madai yoyote kwa chama. Je, wasaini?

Wakili_Kampemba alijibu:

Wasisaini. Karatasi hiyo ikisainiwa kabla ya fedha kurudi, inakuwa ushahidi kwamba hawadai chochote. Kila mmoja aandike barua yake ya kudai, ataje kiasi, tarehe na aliyepokea, aambatishe nakala ya ile risiti ya daftari, kwani ni hafifu lakini ina mwandiko wa mtu. Barua ifikishwe na isainiwe kupokelewa, au ipelekwe na hwisie (afisa wa mahakama anayepeleka hati). Siku waliyopewa ikipita bila jibu, waende pamoja kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka na malalamiko ya utapeli, wakiwa na orodha moja ya majina. Fedha zikirudi mkononi, hapo ndipo wasaini kwamba wamezipokea, na kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.