Pampu ya bwawa la nyumbani: spidi moja, inveta au sola? Ipi inaokoa umeme kweli?

MkaziWaMbezi
Wakuu, habari za jioni. Pampu ya bwawa letu hapa Mbezi Beach inakata roho. Wiki ya tatu sasa inalia kama mashine ya kusaga, na pale mota inapoungana na sehemu ya maji kuna mchirizi mweupe wa chumvi. Fundi amefungua, kasema sili ilianza kuvuja zamani, maji yakaingia kwenye beringi, na shafti nayo imelika. Haifai kutengenezwa tena, ingawa bado inazunguka.

Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Pampu ni hp (nguvu farasi) 1.5, inawaka saa 8 kwa siku. Filta ni ya mchanga, kipenyo mm 600, na mabomba ni ya inchi 2. Nimepewa bei tatu: spidi moja kama hii niliyonayo milioni 1 na elfu 150, ya inveta (inayoweza kubadilishwa spidi) milioni 3 na laki moja, ya sola pamoja na paneli zake milioni 4 na nusu. LUKU inaniumiza, kwa hiyo nataka ya kupunguza umeme. Mwenye uzoefu anisaidie.

FundiMabwawa
Pole mkuu. Kabla ya bei, pima hiyo ya zamani inakula kiasi gani maadamu bado inazunguka. Kibao cha mota kitakuambia kW 1.1, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni zaidi, na mita inahesabu unaoingia. Zima kila kitu, hata friji, acha pampu peke yake. Tazama ile taa nyekundu ya mita inayomweka. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani inamweka mara 1,000 kwa kila uniti, hesabu inamweka mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, unapata wati.

MkaziWaMbezi
Nimehesabu mara mbili, zote 25. Wati 1,500! Kwa saa 8 ni uniti 12, kwa mwezi 360. Kwa shilingi 356 kila uniti, inafika kama 128,000. Muda wote huu nilikuwa nalaumu kiyoyozi cha chumbani kwa mama.

FundiMabwawa
Sasa tunaongea. Watu wanaingia dukani wanauliza hp, wakati siri iko kwenye spidi. Ukipunguza mzunguko wa pampu kwa nusu, maji yanapungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika inashuka hadi sehemu moja ya nane. Yako inazunguka kama mara 2,850 kwa dakika na haijui spidi nyingine. Ya inveta unaishusha hadi 1,450. Kwa hesabu tupu ingekula wati 190. Kwa sababu mota na kile kifaa chake cha umeme navyo vinapoteza kidogo, tarajia 240 au 250.

Kwa spidi hiyo utapata kama mita za ujazo 8 kwa saa. Bwawa lako ni 48, kwa hiyo saa 6 maji yote yamepita kwenye filta, na saa 12 yamepita mara mbili. Saa 12 za chini ni uniti 3. Ongeza saa moja ya spidi ya juu kwa kufyonza uchafu wa chini, weka uniti 1.3. Jumla 4.3 kwa siku, kama elfu 46 kwa mwezi. Unaokoa elfu 82, na ile tofauti ya bei inarudi ndani ya miaka miwili hivi.

Lakini mtu akiinunua halafu akaiacha spidi ya juu siku nzima, hajaokoa kitu cha maana. Nimezikuta nyumba za namna hiyo, tena si moja.

MamaZuhura
Naomba nitofautiane kidogo na fundi, kwa heshima. Mimi niko Kigamboni, bwawa letu ni lita 30,000. Tulikuwa na hp 1.5 pia, ikaungua. Sikununua inveta, nilinunua spidi moja ya hp 0.75. Nimetoka sasa hivi kuhesabu taa, imemweka mara 13, yaani wati 780. Kwa saa 8 ni uniti 6 na kidogo, na kwa mwezi haifiki elfu 70. Bei yake ilikuwa chini ya milioni moja na fundi yeyote wa mtaani anaitengeneza: kapasita, beringi, sili, basi. Kaka Mbezi, linganisha inveta na pampu ndogo, usilinganishe na hilo jitu ulilonalo. Ukifanya hivyo, tofauti kwa mwezi ni kama elfu 21 tu.

FundiMabwawa
Mama, hapo umenishika, na hesabu yako ni sawa. Mabwawa mengi hapa mjini yamefungwa pampu kubwa kuliko filta. Hata hii ya Mbezi: filta ya mm 600 huwa imeandikwa mita za ujazo 14 kwa saa, na hp 1.5 inaweza kusukuma 16. Maji yanalazimishwa kupita kwenye mchanga haraka mno, na vumbi laini linapenya na kurudi bwawani.

Wasiwasi wangu ni bekiwoshi. Ukigeuza valvu ili maji yapite kwenye filta kinyumenyume, yanatakiwa yawe na nguvu ya kuunyanyua mchanga na kutoa uchafu. Kwa filta ya mm 600, pampu ya 0.75 inaweza kushindwa kuunyanyua vizuri. Mchanga unagandamana, maji yanajitafutia njia pembeni, na baada ya miezi bwawa lina ukungu hata uweke klorini kiasi gani. Mama Zuhura, filta yako ni ya ukubwa gani?

MamaZuhura
Mm 500.

FundiMabwawa
Basi kwako imekaa sawasawa. Kwa Mbezi ningeenda hp 1 kama anataka spidi moja, au inveta.

PwaniDiani
Kuhusu sola: sisi tuko Diani, tumefunga ya DC (inayotumia umeme wa paneli kama ulivyo), paneli zimeungwa moja kwa moja na kontrola bila betri. Jua likiwaka inazunguka, wingu likipita inapunguza mwendo. Mchana ndio klorini inaliwa na jua na mwani unapata nguvu, kwa hiyo saa za kuchuja zinaangukia pazuri. Taabu ni masika, siku tatu za mvua na bwawa linaanza kuteleza ngazini. Tulibakiza waya wa umeme wa kawaida kwa ajili ya siku hizo. Kama paa lako halina kivuli, fikiria. Kama una minazi upande wa kaskazini kama jirani yangu, acha.

BintiHouston
Huku Marekani, tangu Julai 2021 kuna kiwango cha ufanisi cha Wizara ya Nishati ambacho pampu nyingi za spidi moja za ukubwa wa kati na kubwa haziwezi kukifikia, kwa hiyo zinazouzwa nyingi ni za spidi inayobadilika. Naomba tu msiwaambie ndugu wawatumie spidi moja za huku. Umeme wetu ni wa 60 Hz, mota inayozunguka 3,450 huku, huko kwenye 50 Hz itazunguka kama 2,850, na nyingine ni za volti 115 tu.

MkaziWaMbezi
Asanteni sana wote. Je, inveta na huu umeme wetu unaopanda na kushuka?

FundiMabwawa
Hapo ndipo zinapofia. Weka kifaa cha kulinda volti, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kuchelewa dakika chache kabla ya kuurudisha. Ijengee kibanda chenye hewa, upepo wa chumvi usiipige. Na usilipe mpaka muuzaji akuandikie dhamana inayotaja ile bodi ya umeme. Wengi dhamana yao inaishia kwenye mota.

MkaziWaMbezi
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nimechukua inveta. Hp 1 ilinivutia kwa bei, lakini dirisha la mama liko mita tatu kutoka kibandani, na hii kwa spidi ya chini ukiwa mlangoni unasikia maji tu. Ilibidi tuanze na 1,700, maana kwa 1,450 skima (tundu la kando linalofyonza uchafu wa juu ya maji) haikuvuta majani ya mwembe. Tuliposafisha kikapu na kupiga bekiwoshi, ikavuta, tukashusha. Jumamosi tunapandisha spidi ya juu kwa bekiwoshi, maji yanatoka ya kahawia dakika mbili halafu yanakuwa meupe.

Jana usiku nimezima kila kitu, nikaenda kwenye mita na tochi. Imemweka mara 4 kwa dakika.