Kompyuta ya mezani imechoka: nitengeneze au ninunue nyingine?

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, ninayo Core i5 kizazi cha 4, RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 10. Kuwaka ni shughuli, feni inanguruma, na saa inajirudisha nyuma kila umeme ukikatika. Matumizi ni masomo ya watoto na kuandika barua.

Fundi wa Area D: Fungua kasha kwanza. Kapasita (vile vikopo vidogo) za mazabodi, yaani bodi kuu, zikiwa zimevimba juu au zinavuja, usiitilie hela. Zikiwa bapa, nakili mafaili yako, kisha weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya plagi ya SATA, ya GB 240. Hiyo pekee utaona tofauti. RAM ifikishe GB 8, ila hakikisha ni aina ileile ya zamani, mara nyingi DDR3. DDR4 haiingii, mkato wake uko pengine. Saa ni betri ya CR2032 tu, badilisha. Feni ni vumbi letu hili la Dodoma: puliza huku umeizuia kwa kidole isizunguke, futa ute wa kupitisha joto uliokauka juu ya prosesa, paka mpya kiasi cha punje ya choroko. Ukijaza mno unamwagika pembeni.

Mdau wa Kikuyu: Sawa, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa kazi hizo weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Mkazi wa Nkuhungu: Kapasita ziko bapa. Na nikija kununua nyingine?

Fundi wa Area D: SSD utahama nayo. RAM, sahau: DDR3 haiingii kwenye mashine mpya.